Macho ya Ndege: Ushanga katika Njia ya Unyanyembe

Januari 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti moja la New York, alikuwa Unguja akijiandaa kwenda bara kumtafuta Dk. Livingstone. Fedha alikuwa nazo. Punda, bunduki, mahema na kamba vilipatikana madukani. Kilichomsumbua ni ushanga. Aliwaendea Waarabu waliokwisha kukaa Unyanyembe na Ujiji, akawauliza anunue upi, na kila alichoambiwa kilizidi kumchanganya. Ushanga mweusi, ule ulioitwa bubu, ulikuwa fedha halali Ugogo, lakini ukivuka Ugogo haukununua hata kibuyu cha maziwa. Sungomaji, shanga kubwa mithili ya mayai, zilipokelewa Ujiji na Uguha, na kwingine kote zikakataliwa. Merikani, ushanga mweupe, ulikubalika Ufipa na sehemu fulani za Usagara na Ugogo, ila Useguha na Ukonongo waliudharau. Kwa hiyo ilimbidi akadirie atakaa muda gani katika kila nchi kabla hajaitia machoni hata moja, kisha agawanye fedha zake kwa makadirio hayo. Alipiga hesabu ya kete 50, yaani nyuzi 50 za ushanga, kwa siku. Mwishowe akanunua aina 11, zikafungwa magunia 22.

Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba wazee wa bara waliuza pembe za ndovu, na wakati mwingine watu, kwa shanga na vioo vya kujitazamia. Sentensi ile ilisomwa kwa haraka, na darasa likacheka. Mtoto akatoka na picha ya mtu mjinga aliyepewa takataka inayong'aa akafurahi. Picha hiyo haielezi kwa nini mzungu mwenye fedha alikaa Unguja akikuna kichwa. Aliyehangaika ni muuzaji. Mnunuzi alikuwa kwake Ugogo au Unyamwezi, ametulia, anajua anachokitaka, na akiletewa kisicho chake anakirudisha.

Richard Burton, aliyepita njia hiyo miaka 14 kabla ya Stanley, aliandika kwamba aina za ushanga zilizokuwa zikiuzwa zilifika kama 400, na kila aina ilikuwa na jina lake, bei yake na nchi inakopendwa. Majina yenyewe ni raha kuyasoma. Gulabi ulikuwa wa rangi ya waridi. Samuli ulikuwa wa manjano, rangi ya samli. Ukuti wa mnazi ulikuwa wa kijani, na kadunduguru ulikuwa mwekundu uliofifia, rangi ya tofali. Haya ni majina ya watu wa Pwani na wa misafara, si ya kiwandani. Kiwanda hakikujua samli wala ukuti.

Mkubwa wao wote ulikuwa samesame. Huu ni ushanga mdogo mwekundu, lakini ukiuvunja au ukiutazama kwenye tundu unaona ndani mweupe. Ulikuwa na majina ya utani mawili. La kwanza ni kimarapamba, kimaliza chakula, maana mtu aliweza kuutoa mlo wake ili aupate. La pili ni kivunja mji, kwa sababu wanawake, kama Burton alivyosimuliwa, waliutaka hadi kujifilisi wao na waume zao. Utani huo ni wa wanaume, bila shaka, na umebeba lawama ya kawaida ya wanaume juu ya matumizi ya wake zao. Hata hivyo unatuonyesha nani aliyekuwa akiamua. Tajiri wa Unguja aliyetaka pembe kutoka kwa mume alitakiwa kwanza kujua mke anavaa nini mwaka huo.

Samesame ulitoka Venice, Italia, katika viwanda vya kioo vya Murano, na utengenezaji wake ulikuwa na mwendo wa ajabu. Fundi alichota donge la kioo kilichoyeyuka, jeupe, akalitia tundu la hewa katikati, kisha akalichovya kwenye kioo chekundu ili livae ngozi nyembamba ya rangi. Kioo chekundu kizuri kilikuwa ghali, kwa hiyo haikuwa busara kukitumia hadi ndani. Mwenzake akaja na fimbo ya chuma akashika upande wa pili wa donge, na hapo wawili wakaachana kwa hatua za haraka, mmoja huku na mwingine kule, katika ujia mrefu wa kiwanda. Donge likavutika kati yao likawa mrija mwembamba wenye urefu wa makumi ya mita, na lile tundu la hewa likabaki ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mrija ulipopoa ulikatwa vipande vidogo, vipande vikazungushwa motoni ili kingo kali zilainike, bila kuziba tundu.

Baada ya hapo ushanga uliingia mikononi mwa wanawake. Venice walikuwako wanawake walioitwa impiraresse, kazi yao kutunga. Walikaa nje ya milango yao, kila mmoja na chombo cha mbao mapajani kilichojaa ushanga, na mkononi sindano ndefu nyingi zilizotandazwa kama upepeo wa ukili. Alizipitisha sindano zote kwa pamoja ndani ya ushanga, tena na tena, hadi zikajaa, kisha akausukuma ushanga kwenye nyuzi. Ujira ulikuwa mdogo. Hakuna aliyewaambia kwamba rangi wanazozitunga zilikuwa zimechaguliwa na wanawake wengine, wa nchi ambayo ramani za Ulaya za wakati huo ziliiacha tupu.

Si kwamba bara ilisubiri Venice ndipo ikajua kujipamba. Katika mapango ya Kisese, Kondoa, wachimbuzi wamepata shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, nyingine za zaidi ya miaka 40,000. Vipande vya ganda vilitobolewa kimoja kimoja, vikasuguliwa hadi vikawa duara. Na huko Pwani, ushanga wa kioo kutoka India ulikuwa ukiingia kwa majahazi karne nyingi kabla ya Mreno kuuzunguka ukingo wa kusini wa Afrika. Kilichobadilika katika karne ya 19 ni wingi, na njia.

Njia yenyewe haikufunguliwa na Waarabu, ingawa mara nyingi husimuliwa hivyo. Kufikia mwaka 1800 hivi Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamekwisha kuteremka Pwani. Masimulizi ya Unyamwezi yanawataja wawindaji wa ndovu waliotoka kwao wakielekea mashariki hadi wakaiona bahari, wakarudi na nguo na shanga. Baada yao wakaenda wengine, na kwenda Pwani kukawa jambo la kila kijana mwenye nguvu, kiasi kwamba asiyewahi kubeba mzigo hadi Bagamoyo alionekana hajakua. Matajiri wa Pwani walifuata nyayo hizo kwenda juu. Mmoja wa waliotangulia hakuwa Mwarabu bali Mhindi, Musa wa Surat, aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri. Yeye na kaka yake Sayyan waliingia Unyamwezi karibu mwaka 1825, mtaji wao ukiwa ni shehena ya ushanga, nao wakanunua pembe. Musa alibaki. Wapelelezi Speke na Grant walipofika Kaze mwaka 1861 walimkuta, mzee aliyekwisha kuwa mwenyeji zaidi ya wageni wote.

Kaze ndiyo Tabora. Burton na Speke waliingia hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka Pwani, wakapokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeyajua mambo ya bara kuliko kitabu chochote cha wakati ule. Palikuwa na nyumba za tembe zenye ua ndani, ghala, mashamba ya ngano na miembe. Hapa misafara ilivunjwa na kuundwa upya, kwa kuwa njia ziligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini kwenda Ufipa hadi Katanga. Na kwa kuwa kila njia ilikuwa na ushanga wake, Kaze ndipo mahali ambapo msafiri aligundua amekosea.

Mtu hakubeba ushanga kiholela. Ulitiwa ndani ya mifuko mirefu myembamba iliyoshonwa kwa merikani, ile nguo ya pamba kutoka Salem, Marekani, ukafungwa kwa mkeka na kamba, na mzigo ukapachikwa kwenye vijiti ili ukae vizuri begani. Ni mzigo mdogo kwa umbo lakini mzito kama jiwe la kusagia, karibu kilo 30. Ulikuwa pia mzigo wa kuchungwa, maana mfuko ukichanika porini unaacha fedha nyuma yako na huna namna ya kuziokota zote.

Kipimo chake kilikuwa mwili wa mtu. Kete moja ni uzi wa ushanga uliotoka ncha ya kidole gumba hadi kiwiko na kurudi, au, ukipenda, uzi wa kuzunguka shingo mara mbili. Kete kumi zilifanya fundo moja. Ushanga ukiwa umemwagika guniani bila kutungwa haukununua kitu kwa urahisi, kwa hiyo kambini, mizigo ikitua, kulikuwa na kazi ya kutunga. Nani mkono wake utumike kupimia, wa mwenye mtama au wa mwenye ushanga, ni swali ambalo sihitaji kusoma kitabu kujua lilileta makelele kiasi gani.

Stanley alilipanga jambo hili kwa lugha ya benki. Ushanga, alisema, ulisimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya wa madini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali pa dhahabu. Ulinganisho huo unasaidia, lakini umekosa jambo moja. Senti ya shaba haivaliwi. Ushanga ulikuwa fedha asubuhi na pambo jioni, na ukishakuwa shingoni mwa mtu umeondoka sokoni, pengine kwa maisha yake yote, pengine hadi kaburini. Ndiyo maana nchi iliweza kuupokea mwaka baada ya mwaka bila kufurika, na ndiyo maana pia siku ilipofurika ilifurika vibaya.

Ilifurika mbele ya Speke. Julai 1858, Burton akiwa mgonjwa Kaze, Speke aliongoza msafara mdogo kwenda kaskazini kulitafuta ziwa kubwa ambalo Waarabu walilisimulia. Katika bohari ya msafara ushanga uliobaki ulikuwa mweupe mtupu. Akauchukua. Kijiji baada ya kijiji watu wakautazama wakasema huo wanao, tena tele. Walitaka wa rangi. Maziwa, mayai na siagi vilikuwapo na hakuweza kuvinunua kama alivyotaka. Tarehe 3 Agosti 1858 alisimama kwenye kilima karibu na Mwanza akaliona ziwa ambalo aliliita Victoria, na vitabu vyote vinaikumbuka siku hiyo. Mimi huzikumbuka zaidi zile wiki za kwenda na kurudi, mpelelezi mwenye magunia ya fedha zisizotakiwa akipita katikati ya nchi ya ng'ombe.

Hii nchi ya kaskazini mwa Tabora, kuanzia Nzega hadi Igunga na mbuga za Manonga na Wembere, haikuwa kwenye barabara kuu ya Ujiji. Choma, iliyoko leo Wilaya ya Igunga, ni mojawapo ya sehemu hizo za pembeni, na sehemu za pembeni ndizo zinazoonyesha vizuri jinsi ushanga ulivyotembea. Haukuletwa na tajiri mwenye bendera na ngoma. Uliletwa na mtu aliyekwenda kununua jembe la chuma, au aliyeswaga ng'ombe, au aliyerudi kutoka Pwani na ujira wake, au na watu wa Usukuma waliofunga safari ya kwenda kuchota chumvi Ziwa Eyasi. Ulipita kwa mkono, kete mbili hapa, fundo moja pale. Katika mzunguko huo mbuzi, jembe, chumvi na ushanga vilijuana bei bila kumsubiri Mwarabu. Biashara ya Pwani iliingia ndani ya biashara iliyokuwapo, ikaongezea rangi na wingi.

Wapagazi ndio waliokuwa damu ya jambo hili. Walikuwa watu huru wengi wao, Wanyamwezi na Wasukuma, walioandikishwa kwa ujira na posho, na kiongozi wao, kirangozi, alitangulia mbele na manyoya kichwani. Posho ililipwa kwa nguo na ushanga, ambavyo mpagazi alivibadili kwa chakula vijijini. Kwa hiyo ushanga mbaya haukuwa hasara ya tajiri peke yake. Ukikataliwa kijijini, aliyelala njaa ni mpagazi, na kirangozi akajua asubuhi kwamba mizigo haitainuliwa.

Ugogoni kulikuwa na hongo. Nchi ile ni kavu, maji ni ya visima vilivyochimbwa na wenyewe, na kila mtemi, kama Magomba wa Kanyenye, alitaka malipo ya kupitia na kunywa. Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa nyingi za kulalamika, wakaita hongo unyang'anyi. Ukiangalia vizuri ni ushuru, kama ule uliotozwa forodhani Unguja na kampuni ya Jairam Shivji, ambao hakuna aliyeuita unyang'anyi. Tofauti ni kwamba Unguja walilipa kwa dola na Ugogo walilipa kwa nguo na shanga zilizochaguliwa moja moja mbele ya macho yao, nyingine zikirudishwa.

Unyanyembe nako, nchi ya Tabora, swali la ushuru lilimwaga damu. Mtemi Fundikira alielewana na Waarabu. Binti yake Karunde aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alitaka bidhaa zinazoingia nchini zitozwe. Ni dai la kawaida la mwenye nchi. Waarabu wakapigana naye, wakamtoa, wakamweka Mkasiwa mwaka 1860 hivi, na Mnywa Sele akawa mtu wa porini akiishambulia misafara hadi alipouawa. Miaka kumi baadaye Mtemi Mirambo wa Urambo akaifunga njia ya Ujiji. Stanley aliikuta vita hiyo Agosti 1871, akajiunga na Waarabu, wakapigwa. Bei ya pembe Unguja ikapanda. Shanga na nguo zikarundikana Tabora zikingoja njia.

Kama wanunuzi walijua walichokitaka, je, biashara ilikuwa ya haki? Hapana, na sioni haja ya kuzunguka. Mtu anaweza kuchagua kwa makini na bado akapunjika. Frasila ya pembe ilipanda thamani mara nyingi kati ya Unyamwezi na London, na faida kubwa ilibaki kwa wenye mikopo wa Unguja na wenye nyumba za biashara za Ulaya na Marekani. Mbaya zaidi, ule ule ushanga ulionunua mtama ulisaidia kununua watu. Misafara iliyoteremka kutoka Manyema na Ujiji ilikuwa na pembe na minyororo, na hakuna uzuri wa samesame unaofuta hilo. Lakini aliyeuza mwenzake hakufanya hivyo kwa kulewa rangi nyekundu. Alifanya kwa sababu zile zile ambazo watu wenye nguvu kila mahali huwafanyia wasio na nguvu, na kumwita mjinga ni kumpunguzia dhambi.

Mwendo wa wiki kadhaa magharibi ya Tabora, Ujiji, ushanga ulifikia hatua ambayo Tabora haikuifikia. Soko la Ujiji, kando ya Tanganyika, lilikuwa na samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, mbuzi, ndizi, na watu wa kila upande wa ziwa. Ushanga wa pale uliitwa sofi, nao haukufanana na mwingine: vipande virefu kidogo, kama mabaki ya shina la kiko lililovunjika. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliwaona watu waliokuja sokoni asubuhi na mikoba iliyojaa sofi. Mtu mwenye nguo yake aliwaendea, akabadilishiwa kwa sofi, akaingia sokoni kununua. Jioni, soko likimalizika, wauzaji wa samaki na mawese waliwarudia watu wale wale, wakabadili sofi zao kwa nguo. Wenye mikoba walipata faida mara mbili, ya asubuhi na ya jioni. Hawa ni wabadili fedha kamili, bila leseni wala dirisha la kioo, na kwa nilivyoelewa hawakuhitaji gavana wa benki kuwaambia kiwango cha siku.

Livingstone mwenyewe aliishi kwa ushanga na aliteswa nao. Alipoachana na Stanley, Machi 1872, alibaki katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi kutoka Pwani. Aliondoka Agosti 25 mwaka ule, na Mei 1873 akafariki kwa Chitambo. Wenzake, Abdullah Susi na James Chuma wakiwa miongoni mwao, waliubeba mwili hadi Bagamoyo. Mwaka uliofuata wawili hao walipelekwa Uingereza, ambako walimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za bwana wao. Waller hakuelewa kwa nini kununua chakula kulikuwa kazi ngumu hivyo, na wakamweleza habari za ushanga.

Maelezo yao yanapita ya Burton na Stanley kwa sababu ni ya watu waliokuwa wakienda wenyewe kijijini na kete mkononi. Wayao, walisema, wanapenda ushanga mdogo sana, kama mbegu za haradali, na usiopenyeza mwanga. Mweusi wake wanauita bububu, na wa waridi una jina lenye maana ya machicha ya pombe. Kisha kuna mmoja mwekundu wenye moyo mweupe, ambao una thamani kila mahali. Waswahili wanauita samesame. Wayao wanauita chitakaraka. Watu wa Nyasa wanauita mangazi, na Wamanyema, mbali kabisa kule Kongo, wanauita maso kantusi, macho ya ndege. Chukua punje moja uielekezee tundu lake usoni mwako, uone ule mduara mwekundu uliozunguka weupe na shimo jeusi katikati, utajua Wamanyema walikuwa wakitazama kwa karibu kuliko Waitalia walioutengeneza.

Na fedha haikuwa kazi yake yote, wala haikuwa kubwa kuliko nyingine. Katika Unyamwezi na Usukuma ushanga ulihusika na mizimu, masamva kwa lugha ya wenyewe. Mtoto mgonjwa aliweza kuvalishwa ushanga wa babu fulani baada ya mfumu kusema ni nani anayedai kukumbukwa, na tangu hapo uzi ule ulikuwa wa kutunzwa. Wanachama wa Buswezi, chama cha mashetani kilichoenea sana Unyamwezi, walivaa shanga na simbi kama alama ya kuingizwa kwao. Mapacha walikuwa na mambo yao, na ushanga haukukosekana. Juu ya haya kuna ushanga wa kiunoni, uliovaliwa na wanawake Pwani na bara, ambao kazi yake haihitaji kuandikwa na mtu wa gazeti.

Mwaka 1878 wakaingia Tabora watu wa aina mpya, wakitokea Bagamoyo: mapadre wa shirika la Kardinali Lavigerie, White Fathers, kanzu nyeupe, na shingoni rozari kubwa. Sijui watu wa Kwihara walisema nini walipowaona, lakini nikiwaza nchi iliyojua bei ya kila punje, kisha anakuja mgeni mwenye shanga 59 shingoni na hauzi hata moja, napata taabu kuamini kwamba hawakuuliza. Tasbihi walikuwa wameizoea tayari kwa Waarabu na Waswahili, na tariqa ya Qadiriyya ilipoota mizizi mjini ikaenea zaidi. Kwa hiyo katika Tabora ya mwisho wa karne ya 19 ushanga ulihesabu deni, ukahesabu posho, ukahesabu sala, na mikono iliyohesabu pengine ilikuwa ile ile.

Wajerumani ndio walioutoa katika fedha. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliyewapinga alishindwa Januari 1893, ngome yake ikiangushwa na Tom von Prince, naye akajilipua kwa baruti. Ikaja rupia, na mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Serikali isiyopokea ushanga dirishani huua ushanga kama fedha kwa haraka kuliko amri yoyote ya kuupiga marufuku: kijana aliyetaka rupia ya kodi alikwenda kufanya kazi mahali panapolipwa rupia. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na mpagazi aliyebeba kilo 30 kwa miezi akawa hana mzigo.

Vita Kuu ya Kwanza ikaleta kioja. Pwani ikiwa imezingirwa na manowari za Kiingereza, koloni likaishiwa sarafu, na mwaka 1916 Wajerumani wakaanzisha kupiga fedha Tabora, katika karakana ya reli. Wakatoa heller za shaba nyekundu na ya manjano, nyingine zikitokana na maganda ya risasi, na rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, ng'ambo ya mbuga ya Wembere. Upande mmoja wa sarafu hiyo ya dhahabu kuna ndovu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini, na leo sarafu hizo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei ambayo wachimbaji wa Sekenke hawakuiota.

Ushanga, ukishaondolewa kwenye kodi, ulibaki kuwa wa watu. Kampuni kubwa ya Venice iliyoziunganisha karakana za ushanga mwaka 1898 ilifungwa mapema miaka ya 1990. Siku hizi mzigo unatoka Jamhuri ya Czech na, kwa wingi zaidi, China. Wataturu wa mbuga za Igunga bado wanazishonea shanga kwenye ngozi, na ukimwona mwanamke anayeshona, utamwona kwanza akimwaga pakiti nzima kwenye sahani, akizichambua kwa ncha ya sindano, zilizopinda na zenye tundu dogo akizisukumia pembeni, na hizo za pembeni anazirudisha kwa mwenye duka.